Umeme Ndani ya Kadi ya Michoro

Wengi hudhani kuwa kasi ya kadi ya michoro ya kompyuta hutokana na chipu peke yake. Sivyo. Kadi hupokea umeme wa volti 12, nayo chipu huhitaji volti 1 hivi. Transista na koili ndizo zishushazo volti hizo. Chipu itumiayo wati 300 kwa volti 1 huvuta ampea 300! Mkondo huo ungepita njia moja, joto lingeunguza transista. Hugawanywa, basi, katika njia kadhaa. Zikiwa 10 zenye ukinzani uleule, kila moja hubeba ampea 30. Na kwa kuwa joto hufuata mraba wa mkondo, joto lote hupungua mara kumi. Kapasita nazo huzuia volti kushuka kazi inapozidi ghafla. Vifaa hivi vikiwa dhaifu, hata chipu bora hulazimika kupunguza kasi, au kompyuta huzimika kazini.