Kufundisha Daraja la Mtandao kwa Mifano ya Kariakoo

Utangulizi

Mwalimu wa masomo ya kompyuta hapati tabu kubwa kueleza jinsi kompyuta mbili zinavyounganishwa. Tabu huanza pale mwanafunzi anapouliza: taa au swichi, ambayo si kompyuta, inawezaje kupokea amri kutoka kwenye simu? Jibu ni daraja. Hata hivyo, fasili peke yake haitoshi. Nilipoifundisha mada hii kwa mara ya kwanza niliandika fasili ubaoni, wanafunzi wakainakili, na katika jaribio karibu wote wakaieleza sawasawa. Swali moja tu liliwashinda: daraja likizimika, je, taa imeharibika? Wengi walijibu ndiyo. Walikuwa wamekariri neno, na jambo lenyewe halikuwaingia.

Makala haya yanapendekeza tuanzie kwenye yale ambayo mtoto wa Kariakoo, Gerezani au Jangwani huyaona kila siku, ndipo tufike kwenye kifaa.

Hatua ya kwanza: kuvusha ujumbe

Mwalimu na aanze na mita ya LUKU. Mita ya kawaida ya aina hiyo haikuungwa na mtandao wa simu. Lakini mama hununua umeme kwa simu akiwa sokoni, na jioni nyumba ina mwanga. Ujumbe ulifikaje kwenye mita? Wanafunzi watajibu bila kusita: mtu alibonyeza tarakimu 20. Basi mtu huyo ndiye daraja. Upande mmoja amepokea ujumbe kwa simu, na upande wa pili ameufikisha kwa vidole. Wala hakuhitaji kujua maana ya tarakimu zile, kwani mita yenyewe ndiyo izitambuayo, na zilizotolewa kwa ajili ya mita nyingine huzikataa.

Mfano wa mwaka 2024 unafaa sana hapa. Kanuni ya mita hizo ilikuwa ikihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo TANESCO iliwataka wateja waingize kwanza makundi mawili ya tarakimu 20, ndipo waingize lile la uniti walizonunua. Marekebisho hayo yote yalipita katika vidole vya wenye nyumba. Mwanafunzi ataona kwamba kifaa hakilazimiki kuwa na uwezo mkubwa, mradi awepo anayezifikia pande zote mbili.

Hatua ya pili: kutafsiri ujumbe

Kabla ya mwaka 2025, mteja aliyeingia katika duka la mfanyabiashara Mchina pale Kariakoo aliongea Kiswahili, naye mwenye duka huenda aliongea Kichina. Kati yao alisimama mkalimani. Hakuna aliyejifunza lugha ya mwenzake, na biashara ilifanyika.

Hivyo ndivyo ilivyo nyumbani. Simu na kompyuta hutumia Wi-Fi, ambayo hubeba habari nyingi lakini hula umeme mwingi. Swichi ndogo inayotumia betri haiwezi kumudu gharama hiyo. Vifaa vya namna hiyo aghalabu hutumia lugha nyepesi ya redio, kama vile Zigbee, iliyotengenezwa kwa ujumbe mfupi: washa, zima, punguza mwanga. Daraja ni kisanduku kinachounganishwa na ruta, mara nyingi kwa waya, nacho hufahamu lugha zote mbili. Simu hulipa daraja amri, daraja huitafsiri na kuitangaza kwa redio, na taa hutii. Kisha taa hujibu kwa njia hiyo hiyo kwamba imewaka. Taa za Hue za kampuni ya Philips, zilizotoka mwaka 2012, zilikuja na daraja la namna hii; na kanuni ya Matter, iliyotolewa mwaka 2022, imeweka utaratibu wa madaraja kuingiza vifaa vya lugha nyingine katika mtandao.

Yafaa mwalimu aeleze kwamba wahandisi wa mitandao hulitumia neno daraja kwa maana finyu zaidi: chombo kinachosoma anwani ya ujumbe na kuuvusha upande wa pili bila kuutafsiri. Kinachotafsiri wengi wao hukiita lango. Lakini katika vifaa vya nyumbani jina la daraja limekwisha kuzoeleka.

Hatua ya tatu: mchezo wa darasani

Kundi la kwanza liwe simu, nalo litumie karatasi zilizoandikwa. Kundi la pili liwe taa tatu. Kila taa ishike tochi na kusikia lugha ya kugonga dawati tu. Mwanafunzi mmoja awe daraja, na yeye peke yake awe na orodha: taa ya sebuleni ni namba 1, ya jikoni ni namba 2, ya ukumbini ni namba 3. Hugonga kwanza namba ya taa, hutua, kisha hugonga mara moja kuwasha au mara mbili kuzima. Baada ya zamu kadhaa mwalimu abadilishe orodha kwa siri. Taa isiyotakiwa itawaka, na darasa litatafuta kosa lilipo.

Hatua ya nne: daraja linapokatika

Sasa mwalimu amtoe nje mwanafunzi aliye daraja, kisha awaulize wenzake kuhusu Jangwani. Mto Msimbazi unapofurika na barabara ya Morogoro kufungwa pale, je, Kariakoo imebomoka? Je, Magomeni imebomoka? La. Pande zote mbili zipo, ila hakuna kuvuka. Vivyo hivyo taa ni nzima, na swichi ya ukutani bado itaiwasha. Kilichokatika ni mawasiliano.

Hapo pia inafaa kuondoa kosa jingine lililoenea, la kudhani kwamba bando likiisha mtandao wa nyumbani nao umekufa. Intaneti ni njia ya kutokea nje ya nyumba. Ruta na daraja vikiwa na umeme, simu iliyo ndani ya nyumba mara nyingi huweza kuendelea kuamrisha taa.

Tahadhari

Mwalimu asifungue soketi wala kugusa nyaya za volti 230 mbele ya darasa, tochi zinatosha. Vilevile awakumbushe wanafunzi kwamba anayelishika daraja ameshika vifaa vyote vilivyo nyuma yake. Nywila ya ruta ibadilishwe siku ya kwanza, na isigawiwe ovyo. Tena anayenunua taa dukani na aulize kwanza inatumia lugha gani, asije akaifikisha nyumbani akakuta haina mkalimani.

Mwisho wa somo, lile swali lililowashinda wanafunzi wangu liulizwe tena, na kila mwanafunzi ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Jibu hilo ndilo litakalomwonyesha mwalimu kama somo limeeleweka.