Je, Fizikia Mpya Imeiona Roho?

Yapo maneno yavumayo siku hizi ya kwamba wataalamu wa fizikia wamekwisha kuthibitisha kuwa ulimwengu ni kazi ya akili ya mtu, na kwamba kitu hakiwi kitu mpaka mtu akitazame. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Huuza mafunzo na vyombo, wakimwambia mgonjwa kwamba atapona kwa kuwaza tu, kwani sayansi ya “kwanta” imesema hivyo. Hili si jambo la mzaha, maana mtu aachaye dawa kwa kuyaamini maneno hayo huweza kulipa kwa uhai wake. Yafaa basi tuulize: sayansi hiyo imesema nini hasa, na imenyamaza juu ya nini?

Kwanza tutazame kile kilichovunjika. Mwaka 1814 mtaalamu wa Ufaransa, Laplace, aliandika kwamba kama ingalikuwako akili yenye kujua mahali pa kila chembe ya ulimwengu na nguvu zote ziisukumazo, basi mbele ya akili hiyo mambo yajayo yangalikuwa wazi sawa na yaliyopita. Maada kwa fikira za zama zile ilikuwa kama vijiwe vigumu vyenye kugongana, na ulimwengu mzima kama saa kubwa iliyotiwa ufunguo. Katika saa ya namna hiyo nafsi ya mtu haina mahali pa kukaa. Huzuni, mapenzi na kukata shauri ni mlio wa magurudumu tu.

Saa hiyo ilianza kuharibika mwaka 1900, Planck wa Ujerumani alipoona kwamba nguvu za joto na mwanga hutoka kwa vipande vipande, si kama maji ya mfereji. Mwaka 1927 Heisenberg alionyesha kwamba mahali pa chembe na mwendo wake haviwezi kujulikana pamoja barabara. Hesabu za fizikia mpya hazituambii chembe itakwenda wapi. Zatuambia tu yapi yawezekana, na kwa kadiri gani.

Lililowashangaza watu zaidi ni jaribio la nyufa mbili. Mwaka 1989 Tonomura na wenziwe wa Japani walifanya jaribio la namna hiyo, wakirusha elektroni mojamoja kupitia njia mbili. Kila moja iliacha nukta moja tu juu ya kioo. Lakini nukta zilipokuwa nyingi, zilijipanga katika michirizi, kama mawimbi mawili yaliyokutana baharini. Lakini kikiwekwa chombo cha kupeleleza kila elektroni imepita wapi, michirizi hutoweka. Hapo ndipo wengi walipoingiza akili ya mtazamaji. Hata Wigner, mzaliwa wa Hungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1963, aliandika mwaka 1961 kwamba fahamu ndizo zikamilishazo jambo hilo. Wenye kumtaja leo hawasemi kwamba baadaye aliiacha fikira hiyo mwenyewe.

Na kwa nini asiiache? Mwaka 1999, huko Vienna, kundi la Zeilinger lilipata michirizi ile ile kwa molekuli za atomi 60 za kaboni, zenye umbo la mpira wa miguu. Mwaka 2004 wakatumia molekuli za atomi 70, wakazipasha moto kwa mwanga mkali kabla ya kuzipitisha. Kadiri zilivyozidi kuwa moto ndivyo zilivyotoa mwanga wao wenyewe, na ndivyo michirizi ilivyofifia hata ikaisha. Mwanga ule uliishia ukutani mwa chombo. Hakuna mtu aliyeutazama. Lakini habari ya njia ilikwisha kutoka, na hiyo yatosha. Kwa hiyo “mtazamaji” wa fizikia si lazima awe na macho wala akili. Hata mwali wa joto hufanya kazi hiyo. (Swali la kwa nini katika mengi yawezekanayo hutokea moja tu lingali likibishaniwa, na kwa ukali.)

Je, falsafa ya maada imeshinda? La hasha. Maada ya Laplace imekufa kweli. Lenin aliliona tatizo hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 aliwajibu waliosema kwamba maada imetoweka, akashikilia kuwa maada ni kile kilichoko nje ya fahamu zetu, hata kama umbo lake litabadilika mara ngapi. Ni jibu la werevu, lakini lina gharama: mwenye kukubali kwamba maada yaweza kuwa na umbo lo lote hana tena haki ya kutuambia mapema ni nini kisichoweza kuonekana ndani yake.

Penrose wa Uingereza alidai mwaka 1989 kwamba siri ya fahamu imo katika kwanta ndani ya ubongo. Mwaka 2000 Tegmark alipiga hesabu, akaona kwamba katika joto la ubongo hali hiyo huvunjika upesi mno, zamani kabla ya mshipa wa fahamu kuwahi kupeleka habari. Hameroff, mwenziwe Penrose, amempinga. Sisi twaona hesabu ya Tegmark ina nguvu zaidi.

Walakini hata hesabu hiyo haikueleza fahamu ni kitu gani. Mtaalamu aweza kupima kila kitu kipitacho katika ulimi na ubongo wa mtu alaye embe bichi kwa chumvi na pilipili, asikose hata chembe moja. Na bado vipimo vyake havimwambii kwa nini ule ukali unaonjwa na mtu, badala ya kupita kimya kama maji katika bomba. Mwaka 1998 Koch, mchunguzi wa ubongo, aliwekeana sharti na mwanafalsafa Chalmers kwamba baada ya miaka 25 itakuwa imejulikana wazi jinsi ubongo uzaavyo fahamu. Mwaka 2023 walikutana New York mbele ya wataalamu wenzao, na Koch akamkabidhi Chalmers kreti la mvinyo.