Betri ya gari si dawa ya kompyuta yako

NI jioni ya msimu wa mavuno. Mwenye ghala dogo la mahindi ameketi nyumbani, anaingiza kwenye kompyuta majina ya wakulima, idadi ya magunia na fedha anazodaiwa na kila mmoja. Umeme unakatika. Unaporudi, faili halifunguki, na asubuhi watu wako mlangoni wanasubiri malipo.

Hasara ya namna hii huwapata wengi waliohamishia ofisi nyumbani ili kukwepa kodi ya pango. Wanaokumbuka mgawo wa mwaka 2006, ukame uliposhusha maji ya Bwawa la Mtera, au ule wa mwaka 2023, hawahitaji kusimuliwa. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme Februari 2024 na hali ikawa nafuu, lakini mti ukiangukia nyaya mtaani kwako, maji ya Rufiji hata yajae vipi hayakusaidii.

Wengi hukimbilia betri ya gari. Mwandishi wa makala haya naye alinunua iliyotumika, akaiunganisha na inveta ya bei poa, akatamba kwa majirani. Haikumaliza miezi minne. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini: hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha gari lenyewe huijaza tena. Bamba zake za risasi ni nyembamba, na ukiikamua hadi chini kila siku zinakufa upesi. Kazi ya ofisi inataka betri ya sola, yenye bamba nene, inayostahimili kuchotwa polepole kwa saa nyingi.

Kabla ya kwenda dukani, piga hesabu. Kompyuta ya mezani yenye skrini bapa hula kama wati 120. Mpakato hula 50 au pungufu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi ukitaka idumu usiichote zaidi ya nusu, hivyo zinabaki 600. Inveta nayo inakula chake, weka 500. Gawanya kwa 120, unapata kama saa nne. Kwa mpakato ni saa 10, na hapo ndipo wengine huona heri wauze kompyuta ya mezani kuliko kununua betri ya pili. Printa ya leza iache kabisa, kwa kuwa inapopasha moto huvuta mamia ya wati. Chapisha umeme ukirudi.

Kama kwenu umeme hukatika kwa dakika chache tu, UPS ndogo inatosha. Ile ya VA 650 mara nyingi ina betri ya ampea-saa 7 tu. Itakupa dakika 10 au 15 za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Usidanganywe na hiyo 650, wati zake halisi mara nyingi hazifiki 400.

Jambo linalosahaulika ni kuchaji. Betri ya ampea-saa 100 iliyobaki nusu, ikichajiwa kwa ampea 10, inahitaji zaidi ya saa tano kujaa. Umeme ukirudi kwa saa mbili tu kila siku, haitajaa kamwe, na betri ya risasi inayokaa bila kujaa huharibika hata kama ni mpya. Mwenye uwezo aongeze paneli ya sola. Betri za lithiamu huvumilia kuchotwa hadi asilimia 80 na hudumu miaka mingi zaidi, ila bei yake ni kubwa na chaja lazima iwe ya aina hiyo.

Kwenye kufunga, usibane matumizi. Kwa volti 12, wati 500 huvuta zaidi ya ampea 40, na waya wa taa utayeyuka. Tumia waya mnene na mfupi, na fyuzi iwe karibu na betri. Kamwe usichomeke umeme wa inveta kwenye soketi ya ukutani. Unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Betri isikae chini ya kitanda wala karibu na jiko, kwani inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Na kama ni ya kuongezwa maji, kagua kila mwezi, uongeze maji safi ya betri yasiyo na chumvi, si asidi wala maji ya bomba.