Kabla ya Kupiga Window

Mpanda, kompyuta ya stesheneri ikiwashwa asubuhi na kukataa kushika mtandao baada ya kujiapdeti usiku, hukumu hutoka haraka kuliko uchunguzi: ipigwe window. Fundi anachomeka flash, anafuta diski C, anasubiri, na mara nyingi anajikuta palepale. Window mpya imeingia, ila kadi ya mtandao sasa haionekani kabisa, kwa sababu draiva yake haikuwemo kwenye flash. Ili kuipakua unahitaji mtandao, na mtandao ndio huo uliokuleta kwa fundi.

Simbezi fundi. Mteja amesimama kaunta na fomu ya mkopo wa chuo inayofungwa leo, na kupiga window ni tiba inayoonekana kama kazi; kukaa unasoma anwani za IP kunaonekana kama kupoteza muda. Lakini sasisho la mfumo haliunguzi kadi ya mtandao. Hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama linabadilisha mapatano kati ya mfumo na kadi, ama linailazimisha kompyuta kujizima na kuwaka upya, na hapo kasoro iliyokuwemo siku nyingi ndiyo inajitokeza. Aliyeshindwa kutenganisha hayo mawili atatibu ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Anza na mapatano. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, ni ya upana wa milimita 1,000. Reli mpya ya SGR ni milimita 1,435. Chukua behewa zima la Mpanda, lisilo na kutu wala ufa, uliweke juu ya SGR: haliendi popote. Behewa halijaharibika na reli haijaharibika. Magurudumu hayakutani na chuma. Draiva ndiyo magurudumu hayo. Ni programu ndogo iliyoandikwa kwa kadi ya aina fulani, tuseme Realtek, Intel au Broadcom, na kwa toleo fulani la mfumo. Sasisho kubwa linaweza kuleta draiva mpya isiyoendana na kadi ya zamani, au kuiacha ya zamani juu ya mfumo uliobadilika. Kwenye Device Manager utaona kadi ipo, jina lipo, na pembetatu ya njano pembeni. Pembetatu hiyo ni habari njema kuliko watu wanavyodhani, maana inakuambia kwamba umeme unafika kwenye kadi na mfumo unaiona. Kilichobaki ni kurudisha draiva ya awali kwa kitufe cha Roll Back Driver, au kuifuta kadi kwenye orodha hiyo na kuiwasha kompyuta upya ili mfumo uitambue tena.

Mazingira ya Katavi, mkoa wenye mji wa Mpanda, yanalikoroga jambo hili zaidi. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikiendeshwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, na njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ni ya juzijuzi tu. Bando nalo hununuliwa kwa kipimo, hivyo mwenye akili huiwekea Windows alama kwamba mtandao wake ni wa kupimwa, nayo huahirisha sehemu kubwa ya masasisho. Ni uamuzi wa haki kabisa. Matokeo yake ni kwamba kompyuta iliyokaa miezi bila kuapdeti ikipelekwa siku moja mahali penye waifai ya bure, inameza kila kitu kwa mkupuo. Masasisho ya Windows hutoka kila Jumanne ya pili ya mwezi, na kila moja limebeba yale yaliyotangulia. Likija na draiva tatu na mabadiliko ya usalama ya nusu mwaka, na umeme ukakatika katikati, hakuna awezaye kusema kwa kukisia ni kipi kilichovunja nini.

Tukio moja la kweli linafaa kukaliwa kidogo. Mwanzoni mwa Desemba 2016, watumiaji wa Windows 10 katika nchi kadhaa za Ulaya walijikuta hawana intaneti. Rauta zilikuwa zima, waya zima, kadi zima. Kompyuta zilishindwa tu kupata anwani ya IP, ile namba ambayo rauta humgawia kila anayejiunga. Microsoft ilitoa rekebisho tarehe 13 Desemba, KB3206632, na maelezo yake yalitaja huduma moja ya ndani, CDPSVC, iliyokuwa ikianguka na kuizuia mashine isipate anwani. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imewashauri wateja waiwashe kompyuta upya, na ikibidi watembelee tovuti yake ya msaada. Watu wasio na intaneti, watembelee tovuti!

Ila ushauri wa kuwasha upya ulikuwa na maana kuliko ulivyosikika, na maana hiyo wengi bado hawaijui. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna utaratibu uitwao Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, mfumo haufi kabisa. Unahifadhi kiini chake, pamoja na hali ya draiva, kwenye diski, na ukiwasha kesho unakirudisha kilivyokuwa ili uwake haraka. Ukibonyeza Restart, kila kitu huanza upya. Kwa hiyo mwenye duka anayezima kompyuta kila jioni kwa uaminifu, na kuwasha kila asubuhi, anaweza kukaa wiki nzima na draiva ileile iliyochanganyikiwa. Anaapa kwamba amezima na kuwasha mara nyingi, na anasema kweli. Hajafanya Restart hata mara moja. Katika matatizo yote ya baada ya kuapdeti, hili ndilo ningeliuliza kwanza, kabla ya kugusa bisibisi.

Tatizo hili lina ndugu yake wa upande wa umeme. Kadi za waifai, za laptopu hasa, wakati mwingine hukwama katika hali ambayo hata Restart haizitoi, kwa kuwa kadi haikupoteza umeme. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudisha. Inaonekana kama uganga. Ni kumaliza chaji iliyobaki kwenye vifaa vya ndani ili kadi ianze na kumbukumbu tupu.

Sasa namna ya kujua pa kuangalia. Kama unatumia waya, anza na taa ndogo kwenye tundu la LAN. Taa hizo huwashwa na kadi yenyewe ikikubaliana na kifaa cha upande wa pili, na mara nyingi huwaka hata kompyuta ikiwa imezimwa mradi iko kwenye umeme. Hazijui habari za Windows. Zikiwaka, waya na tundu viko hai na tatizo liko juu zaidi, kwenye programu. Zisipowaka, badilisha waya, kisha badilisha tundu la rauta, kimoja kimoja, kabla hujaigusa programu yoyote.

Taa zikiwaka, fungua dirisha jeusi la cmd uandike ipconfig. Anwani inayoanza na 169.254 ni kompyuta iliyojipa namba yenyewe baada ya kuita rauta bila kujibiwa. Ndiyo sura ya ugonjwa wa Desemba 2016. Ikiwa ni 192.168 au 10, rauta imejibu. Hapo ipigie ping rauta yenyewe, halafu 8.8.8.8 iliyoko nje, halafu tovuti kwa jina. Pale mwitikio unapokatika ndipo palipo na hitilafu. Ikiwa 8.8.8.8 inajibu na majina hayafunguki, kadi yako haina kosa lolote na kuipiga window ni kuitesa.

Mara nyingine mlolongo huo unakutoa nje ya nyumba kabisa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kompyuta iliyojiapdeti usiku wa kuamkia siku hiyo ingeonekana mkosaji dhahiri. Simu iliyo kwenye laini ya kampuni nyingine ingekuambia ukweli kwa dakika moja.

Na kuna saa. Betri bapa ya CR2032 kwenye ubao mama, yenye volti 3, ndiyo inayotunza tarehe kompyuta ikiwa haina umeme. Ikifa, mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kompyuta inaamka ikidhani bado ni miaka kadhaa iliyopita. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, basi kivinjari kinavikataa vyote. Mtandao upo, alama ya waifai imejaa, hakuna kinachofunguka. Umeme ulikatika usiku baada ya sasisho, saa ikarudi nyuma, na lawama ikaenda kwa sasisho. Tazama pembe ya chini ya kioo kabla ya kitu kingine, ni bure.

Hitilafu ya kweli ya kifaa nayo ipo, na Katavi ina msimu wake. Mvua hunyesha kuanzia karibu na Novemba hadi Aprili, na radi huja nazo. Radi haihitaji kupiga jengo lako. Ikipiga jirani, huamsha volti katika waya wowote mrefu, na waya wa LAN uliovutwa kutoka ofisi moja hadi nyingine juu ya bati ni mrefu wa kutosha. Ndani ya tundu la LAN kuna vitransfoma vidogo vinavyoitenga kadi na waya, vilivyopimwa kuhimili volti 1,500. Radi huvipita bila shida. Kadi iliyoungua hivyo mara nyingi haitaonekana Device Manager, wala haitawasha taa kwa waya wowote. Dawa yake ni kadi nyingine, au kifaa kidogo cha kugeuza USB kuwa LAN.

Ukibaki na shaka kati ya kifaa na programu, shahidi bora ni mfumo mwingine. Weka Ubuntu au Linux Mint kwenye flash na uwashe kompyuta kutoka humo bila kusakinisha chochote. Mtandao ukishika, kadi ni nzima na kesi ni ya Windows. Usiposhika hapo pia, na amri ya lspci haiioneshi kadi ya ndani, anza kufikiria pesa ya kununua nyingine. Faili la mfumo huo ni la gigabaiti kadhaa, ila ni huru kunakiliwa, na fundi mmoja akilipakua linawatosha mafundi wote wa Mpanda. Nashangaa halijawa sehemu ya kila mkoba wa fundi.

Wapo wanaoona njia rahisi ni kuzima masasisho daima. Sikubaliani nao. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa na kiraka hicho. Lakini ukweli wa upande wa pili usemwe pia: viraka hivyohivyo huvunja vitu. Njia ya zamani ya kushirikisha mafaili, SMBv1, ambayo WannaCry iliitumia, iliacha kuwekwa kwenye Windows 10 mpya kuanzia Oktoba 2017, na folda zilizoshirikishwa na kompyuta kuukuu zikatoweka. Mwaka 2021, baada ya kasoro ya PrintNightmare kwenye huduma ya uchapishaji, viraka vilifuatana hadi Septemba, na printa za mtandao zikaanza kujibu 0x0000011b. Stesheneri yenye printa moja na kompyuta tatu ililiona hilo kama printa mbovu. Printa ilikuwa nzima. Kompyuta moja ilikuwa imebanwa usalama kwa kiraka na nyingine bado, hazikuelewana. Tiba nafuu ni kuziapdeti zote kwa pamoja.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza. Kompyuta nyingi za zamani hazina kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho Windows 11 inakidai, kwa hiyo wengine watahamia mfumo mwingine, wengine watalazimisha. Vyovyote iwavyo, kabla ya kuhama chomeka flash na uandike kwenye cmd, ukiwa msimamizi, pnputil /export-driver * ikifuatiwa na njia ya folda uliyoitengeneza kwenye flash hiyo. Draiva zote za ziada zilizoongezwa kwenye mashine zitanakiliwa humo, ya kadi ya mtandao ikiwemo. Na ikiwa umeshachelewa, chukua simu ya Android yenye bando, iunganishe kwa waya wake wa chaji, na uwashe USB tethering. Windows inaitambua simu hiyo kama kadi ya mtandao kwa draiva iliyomo ndani yake tayari. Megabaiti chache zinatosha kuipakua draiva inayokosekana.