Stockholm: Mji Mkongwe wa kaskazini

Kila majira ya joto, meli kubwa za watalii zinazozunguka Bahari ya Baltiki hutia nanga Stockholm, mji mkuu wa Sweden, mara nyingi kwa siku moja tu.

Kabla ya kuufikia, meli hupita polepole katikati ya visiwa na miamba ipatayo 30,000. Kisha abiria huwa na saa chache za kuutazama mji ambao umetajwa katika maandishi tangu mwaka 1252.

Kutoka gati la Stadsgården, mwendo mfupi kwa miguu humfikisha mgeni Gamla Stan. Kwa Kiswahili jina hilo lina maana ya Mji Mkongwe, na mtu aliyezoea vichochoro vya Zanzibar au Lamu hatajiona mgeni sana: kichochoro chembamba kuliko vyote hapa, Mårten Trotzigs gränd, kina upana wa sentimita 90 tu mahali kinapobana zaidi.

Lango la maji

Mji huu ulizaliwa na maji. Umekaa mahali ambapo Ziwa Mälaren linakutana na bahari, hivyo aliyeushika aliweza kudhibiti chuma na shaba zilizotoka bara.

Biashara hiyo iliwavuta Wajerumani, hasa kutoka Lübeck. Sheria ya karne ya 14 iliwaruhusu kushika hadi nusu ya viti vya baraza la mji, haki iliyofutwa mwaka 1471. Kanisa la Wajerumani lingali linasimama.

Uwanja wa damu na wa tuzo

Katikati ya Gamla Stan upo uwanja wa Stortorget. Mwezi Novemba mwaka 1520, Mfalme Christian wa Pili wa Denmark, akiwa ndiyo kwanza ametawazwa kuwa mfalme wa Sweden, aliwaua hapo wapinzani wake zaidi ya 80. Mauaji hayo yalichochea uasi, na mwaka 1523 Gustav Vasa akachaguliwa kuwa mfalme wa Sweden iliyojitenga.

Mbele ya uwanja huo huo kuna jengo la Akademia ya Sweden. Ndimo lilimotangazwa, tarehe 7 Oktoba 2021, jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Meli iliyozama bandarini

Kivuko humpeleka mgeni kisiwani Djurgården, kwenye makumbusho ya meli ya kivita Vasa.

Meli hiyo ilikuwa na mizinga 64, lakini ilikuwa nzito mno juu. Katika jaribio, mabaharia 30 walikimbia kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, nayo ikayumba hata jaribio likasimamishwa. Hata hivyo iling'oa nanga, kwa kuwa mfalme aliitaka haraka vitani.

Tarehe 10 Agosti 1628 ilizama baada ya kusafiri kiasi cha mita 1,300 tu, na watu wapatao 30 wakafa. Uchunguzi ulifanyika, lakini hakuna aliyeadhibiwa.

Iliibuliwa mwaka 1961, karibu nzima. Sababu moja ni kwamba maji ya Baltiki yana chumvi kidogo, na kiumbe wa baharini anayetoboa mbao hastawi humo. Ni adui yule yule ambaye wenye majahazi wa Afrika Mashariki walimkinga kwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Kumbukumbu isiyofichwa

Hivyo basi, mambo mawili ambayo mgeni wa siku moja huonyeshwa kwanza ni mauaji na ajali iliyomwaibisha mfalme. Zanzibar nayo huwapeleka wageni wake Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873.

Bandari hizi mbili, zilizo mbali sana, zinamwachia msafiri funzo moja: fahari ya mji wa kale haipungui kwa kusimulia pia yale yaliyouumiza.