Maji Yanaingia, Lakini Yanatoka?

Injini ya boti ikichemsha, kitu cha kwanza kununuliwa huwa ni impela ya pampu ya maji. Ni kipuri cha bei nafuu, hakisumbui kupatikana, na kila mtu gatini anajua kwamba mpira wake huchakaa. Fundi anafungua pampu, anatoa impela ya zamani, anatia mpya, na boti inarudi kazini. Ikishatoka bandarini na kuongezwa moto, sindano ya joto inapanda tena. Hapo lawama zinahamia kwenye gasketi ya silinda hedi, kwenye themostati, au kwa muuza vipuri kwamba kauza impela feki. Ni wachache wanaokwenda tezi, wakainama na kutazama bomba la moshi linatema maji kiasi gani.

Nazungumzia hasa dizeli zinazofungwa ndani ya boti na kupozwa kwa maji ya bahari, kama zile za boti nyingi za watalii na za uvuvi kuanzia Lamu hadi Mtwara. Maji huingia kwenye tundu la chini ya boti, hupita kwenye chujio, hunyonywa na pampu, kisha husukumwa hadi kwenye kipozeo. Humo huchukua joto la maji matamu yanayozunguka ndani ya injini. Wengi hudhani kazi yake imeishia hapo. Kumbe maji hayohayo humwagwa ndani ya njia ya moshi, kwenye kipande cha chuma kilichopinda ambacho mafundi hukiita elbo. Moshi wa injini iliyobeba mzigo huweza kupita nyuzi joto 400, na hakuna hozi ya mpira inayostahimili joto hilo. Ukikutana na maji hupoa ghafla, ukashuka chini kabisa ya nyuzi 100, ndipo moshi na maji hutoka pamoja kwa vishindo vile tulivyozoea kuvisikia.

Kwa hiyo elbo ndiyo mahali ambapo chumvi, masizi na moto mkali hukutana siku zote. Ndani yake huota gamba jeusi, sawa na lile la birika lililochemshiwa maji ya kisima miaka mingi, ila hili ni gumu zaidi na halitoki kwa kusuguliwa. Njia iliyokuwa inapitisha vidole vitatu hubaki ya kupitisha kidole kimoja, na pengine hata hicho hakipiti. Maji yanakosa njia, na moshi nao unakosa njia. Hili la pili husahaulika, ingawa ndilo linaloifanya hitilafu hii kuwa na sura yake: injini haichemshi tu, bali inakosa pumzi. Moshi wa zamu iliyopita hautoki wote, hewa safi haiingii ya kutosha, dizeli haiungui yote, na nyuma ya boti unaona moshi mweusi. Masizi yanaongezeka, na gamba linazidi kunenepa.

Nimegundua kwamba boti zinazobembelezwa ndizo huziba mapema. Injini inayoachwa ingurume taratibu saa nzima wakati wageni wanaogelea kwenye miamba, au inayowashwa tu kuchaji betri, haipati moto wa kutosha kuunguza masizi yake. Dizeli hupenda kazi.

Sasa, utajuaje kwamba tatizo liko upande wa kutokea maji na si upande wa kuingilia? Kabla ya kushika spana, shika hozi kwa mkono, ukijihadhari na mikanda na sehemu za moto. Injini ikiwa inafanya kazi, bonyeza kwanza hozi inayotoka kwenye chujio kwenda kwenye pampu. Ikiwa imenywea, imejibana kama inayovutwa kwa ndani, basi pampu inanyonya na haipati: tazama tundu la chini, tazama chujio. Huenda ni mwani, tope la masika, au mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania Bara ikafuata mwaka 2019, ila bahari bado haijapewa barua. Kisha bonyeza hozi iliyo baada ya pampu, inayoelekea kwenye kipozeo. Hiyo ikiwa imevimba na kukakamaa, na pengine inadondosha matone kwenye klipu, pampu yako haina kosa. Inasukuma maji mahali pasipopitika. Ukibadilisha impela hapo utakuwa umeitia nguvu mpya tu ya kusukuma ukuta.

Mwendo nao unasema kitu. Mfumo ulioziba nusu hupitisha maji ya kutosha injini ikiwa haina mzigo, kwa hiyo sindano hutulia. Ongeza moto, na joto linapanda pamoja na moshi mweusi. Punguza, linashuka. Ila propela iliyoota kome au iliyonasa wavu huleta dalili zilezile, kwa kuwa nayo huibebesha injini mzigo usio wake. Ndiyo maana ni vizuri mtu akazamia akatazama chini kabla hujafungua chochote. Moshi ukiwa mweupe na wenye unyevu, maji yakatoka haba, huo ni mvuke: maji yanayofika kwenye elbo ni machache mno yakachemka humohumo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni ndoo. Kinga maji yanayotoka kwenye bomba la moshi kwa ndoo ya lita 20, injini ikiwa kwenye mwendo uleule unaoujua, na uhesabu sekunde. Tarakimu hiyo peke yake haina maana kubwa, kwani kila injini na pampu yake. Maana yake inakuja ukiilinganisha na ile uliyoiandika siku injini ilipokuwa nzima. Wenye boti wanaoandika tarakimu hiyo ni wachache ajabu, na hata wanaotunza risiti zote za vipuri hawana habari nayo.

Ukiwa bado na shaka, chomoa hozi pale inapoingia kwenye elbo, ielekeze ndooni, na uwashe injini bila mzigo kwa sekunde zisizozidi ishirini hivi. Maji yakiruka kwa nguvu ilhali nyuma ya boti yalikuwa yanachuruzika, umemkamata mwizi: ni elbo au kilichoko baada yake. Maji yakiwa haba hata ndooni, kizuizi kiko kabla ya hapo. Usiendeleze zoezi hilo, maana muda wote huo moshi unapita mkavu na hozi ya ekzosi inaungua.

Hapo kuna mtego mmoja. Impela iliyovunjika huacha vipande vyake njiani, mara nyingi kwenye mdomo wa kipozeo. Kila ukitoa impela, hesabu mapanga yake. Likipungua moja, litafute mpaka ulione. Impela mpya hailiondoi, inalisukuma likae vizuri zaidi.

Elbo ikishafunguliwa haihitaji mtaalamu kuisoma: chungulia, tia kidole. Gamba hutolewa kwa kuligonga taratibu na kulikwangua kwa bisibisi ya zamani. Wapo wanaomimina asidi ya kusafishia vyoo. Inafanya kazi kwa chuma cha kalibu kilicho kinene bado, lakini hula kila inachokigusa, na kwa aluminiamu ni maangamizi. Jambo la kuchunguza zaidi ni ukuta wa ndani unaotenganisha maji na moshi. Ukitoboka kwa kutu, maji yanaweza kurudi kwenye vali na silinda injini ikizimwa, na hiyo si hasara ya elbo tena. Ukuta ukishakuwa mwembamba, tupa. Elbo ya kuchomelea kwa bomba la kawaida la chuma huokoa msimu, lakini nahodha ajue amenunua muda tu. Tena sehemu ya kumwagia maji ikae juu ya usawa wa bahari kama ilivyokuwa kwenye ile ya kiwandani, asije fundi akaifupisha ili apate nafasi ya kupitisha spana.

Elbo ikionekana safi, angalia hozi ya ekzosi. Hozi iliyowahi kupata moto huweza kubanduka utando wake wa ndani huku nje ikibaki inang'aa. Utando ule hufanya kazi ya kizibo: moshi ukija kwa nguvu unauinua na kuziba njia, injini ikizimwa unalala. Ichomoe na umulike tochi ndani. Ikiwa na ufa popote, ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na abiria wakilala ndani ya kabini hawatajua kinachowaua.

Kwa wenye injini za kupachika habari ni fupi kidogo. Kule nyuma kuna kitundu kinachokojoa maji, na watu hukitazama kama kiapo. Kisiaminiwe sana. Kikikauka, huenda ni chumvi, mchanga au nyumba ya nyigu ndani yake tu: kizibue kwa mshipi mgumu wa kuvulia kabla ya kutangaza msiba. Na kikikojoa kwa nguvu, kwenye injini nyingi hicho ni kijitawi tu cha maji. Sehemu kubwa hutokea chini pamoja na moshi, mahali usipopaona, na huko kunaweza kuziba ilhali kitundu kinafurahisha macho. Ziwa Victoria halina chumvi, lakini gugu maji na mchanga wa ufukweni hufanya kazi ileile. Usiwashe injini hizi nchi kavu bila pipa la maji au kifaa cha kuzimiminia maji kwenye mguu, maana impela huungua haraka sana ikikauka.

Ikichemsha mkiwa baharini, punguza moto kwanza. Maji yakiwa yanatoka bado, iache ingurume bila gia mpaka sindano ishuke. Yakiwa yamekatika kabisa, zima, lakini tia nanga kabla kama mwamba uko karibu. Usifungue kifuniko cha maji matamu kikiwa cha moto, wala usimwagie chuma chenye joto maji baridi. Na wakati wa kujaribu kuiwasha tena, ukipiga stata mara nyingi bila kuwaka, funga vali ya kuingizia maji hadi iwake, kisha uifungue papo hapo. Pampu huendelea kujaza njia ya ekzosi, na bila nguvu ya moshi ya kuyatoa, maji hayo hupanda hadi kwenye silinda. Maji hayabanwi, kwa hiyo kinachopinda ni konrodi.