Ubao wa Msasa: Chombo Kidogo Kinachotunza Mtumbwi

Fundi seremala wa Ayivu hufanya kazi katika nchi ya miinuko. Mto Enyau unaoupatia mji wa Arua maji si mto wa kuendeshea vyombo, na kazi zinazomjia kila siku ni meza, milango, vitanda na madawati ya shule. Lakini upande wa mashariki nchi hushuka hadi kwenye Mto Nile, ambao hutoka Ziwa Albert, ukapita Pakwach, Rhino Camp na Laropi, kisha ukaendelea hadi Nimule. Huko mtumbwi wa mbao ndio gari la familia: huvusha wagonjwa, huchukua mihogo hadi sokoni na kumpeleka mvuvi kwenye nyavu zake.

Siku fundi huyo anapoitwa mtoni kulainisha ubavu wa mtumbwi, ujuzi wa meza peke yake haumtoshi. Meza ni bapa, ubavu wa mtumbwi umepinda. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni chombo gani cha kusugulia kinachofaa.

KWA NINI MTUMBWI ULAINISHWE

Wako wanaodhani kwamba kulainisha ni urembo tu. Sivyo. Mbao iliyoachwa na nyuzinyuzi na matuta haishiki rangi sawasawa: juu ya tuta rangi huwa nyembamba na hubanduka upesi, na hapo ndipo maji yanapoingia. Mbao iliyolowa huvimba, ikikauka hunywea, na kwa kuvimba na kunywea huko viungo hulegea na pamba iliyozibia nafasi huchomoka. Zaidi ya hayo, ubavu wenye makwaruzo hukokota maji, na mpiga kasia au mwenye mashine hulipia uzito huo kwa jasho au kwa petroli.

Faida kubwa kuliko zote ni ukaguzi. Kama vile askari anaposafisha bunduki yake anavyotambua sehemu iliyochakaa, ndivyo anayesugua mtumbwi anavyopitisha mkono na jicho juu ya kila mbao. Msumari uliolegea, ufa mwembamba na mahali palipoanza kuoza huonekana nchi kavu, kabla abiria hawajawa katikati ya mto.

CHOMBO KIREFU KWA UBAVU MREFU

Msasa ulioshikwa kwa vidole, au uliozungushiwa kibao kifupi, hushuka kwenye bonde na kupanda kwenye tuta. Hufuata kasoro bila kuziondoa. Ubao mrefu hupita juu ya bonde kama daraja na kukata tuta peke yake. Kwa hiyo mafundi wa vyombo vya majini katika nchi nyingi hutumia ubao mrefu unaokubali kupinda kidogo.

Ubao huo hutengenezwa kwa mabaki ya karakana. Karatasi ya kawaida ya msasa ina upana wa inchi 9 na urefu wa inchi 11. Ikikatwa kwa urefu, hutoa vipande 3 vya inchi 3 kwa 11. Basi chukua plaiwudi nyembamba, ya milimita 6 hivi, uikate inchi 3 kwa 22. Vipande 2 vya msasa vitagundishwa hapo, kimoja mbele ya kingine, na cha 3 kitakuwa akiba. Funga vishikio 2 vya mbao, kimoja kila upande wa mwisho, ili mikono yote miwili iweze kuukaza ubao ufuate mpindo wa ubavu. Ubao usukumwe kwa mshazari, kwanza kuelekea upande mmoja, kisha upande wa pili, na mwisho kufuata nyuzi za mbao.

Ili kujua kama kazi imekwenda sawa, paka mkaa wa jikoni juu ya ubavu, kisha sugua. Mahali ambapo mkaa umebaki ndipo penye bonde.

Kwa sehemu za ndani zenye mviringo, ubao mgumu haufai. Soli ya kandambili kuukuu, ikigundishwa msasa, huingia vizuri pembeni mwa mataruma. Na kabla ya msasa, matuta makubwa yaondolewe kwa randa, au kwa kikwaruo kilichokatwa kutoka katika msumeno uliochakaa. Vichwa vya misumari vizamishwe kwanza, la sivyo vitachana msasa wote.

NAMBA ZA MSASA

Namba ndogo ni msasa mkali, namba kubwa ni mlaini. Anza na 40 au 60, endelea na 80, umalize na 120. Hakuna haja ya kwenda mbali zaidi, kwa kuwa mbao iliyong'arishwa mno haishiki rangi vizuri. Mbao iwe imekauka, kwa maana mbao mbichi huziba msasa mara moja.

Hata neno lenyewe lina historia. Msasa ni jina la mti wenye majani makavu ya kukwaruza, ambayo watu walisugulia mbao kabla ya karatasi za dukani kufika. Mtini mmoja wa namba hiyo, ambao wataalamu huuita Ficus exasperata, humea Uganda pia, na majani yake yangali yanafaa kwa kumalizia kasia au mpini wa jembe.

TAHADHARI KWA FAMILIA

Vumbi la mbao si la kudharauliwa. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka vumbi hiyo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kusumbua pumzi. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Hizo zisuguliwe kwa msasa wa maji, zikiwa zimeloweshwa, na maji yake yasiachwe yatiririke mtoni. Fundi afunike pua na mdomo, afanye kazi mahali penye upepo, watoto wakae mbali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Ubao wa msasa hugharimu kipande cha plaiwudi na jioni moja ya kazi. Mtumbwi hugharimu akiba ya miaka, na abiria wake hawana bei. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoni, ufa usiozibwa haungojei ukuta.